Sahani Imerudi Tupu

Kuze, Mombasa
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa mwanangu mpenzi Sidi,

Salamu nyingi zikufikie huko Nairobi kwenye baridi. Mimi mamako sijambo, goti la kushoto tu ndilo lanisumbua nikipanda ngazi. Kakako Samuel hajambo, yuko kule kule relini, wamemweka zamu ya asubuhi na amenenepa kidogo. Wanza mkewe hajambo, asema ile blauzi uliyomletea Krismasi ilimbana lakini ameiachia mshono na sasa yamkaa vizuri kuliko wewe ulivyotaka. Ken wao hajambo, ameng'oka meno mawili ya mbele, ukimuuliza yuko darasa la ngapi akwambia "la thita" na bado ni la pili, basi ni uongo na kithembe pamoja. Mjomba wako Fondo hajambo, mkokoteni ameupaka rangi ya kijani, asema hakuna hamali mwengine Makadara mwenye gari la rangi. Batuli wa juu hajambo, mimba imeingia mwezi wa nane, daktari amemwambia alale tu kitandani kwa ajili ya presha, hata ngazi hashuki, na ameambiwa asishtuliwe hata kwa mzaha. Kakake Shekue bado yuko kazini Arabuni. Bi Zein mama yao naye hajambo, nadhani.

Nimekuandikia barua kwa sababu simu yangu sikio lake limekufa. Mpaka niweke spika ndipo nisikie, na nikiweka spika, Kuze nzima yasikia. Juzi ulipoeleza habari ya tumbo lako, mwenye duka la mkabala alinipa tangawizi kabla hujamaliza kusema. Basi barua ni bora. Nilisoma mpaka darasa la tano tu lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu.

Ndani ya mkebe nimekutilia mahamri ishirini na mbaazi kwenye kikopo. Nimempa utingo wa basi pale Mwembe Tayari, nikamshikisha mkono na kumtazama usoni mpaka akaona haya. Ukimaliza kula nirudishie mkebe, na usinirudishie mtupu, nitadhani umenikasirikia.

Kazi yako ya barua za wafalme waendelea? Ile habari ya Mwana Esha, yule mtoto wa kisultani unayesoma mambo yake, mshaiamua? Nauliza tu, sina neno. Kuna mtu aliniuliza.

Nimeota ndoto juzi mchana nilipojinyoosha baada ya chakula. Wanawake wawili wako madirishani, huyu huku na huyu kule, kichochoro katikati, na sahani yaenda baina yao peke yake hewani, pole pole kama jani. Nilipoamka nilikuwa na machozi na sijui ya nini.

Mamako akupendaye,
Loise Mung'aro


Nairobi
Alhamisi, 6 Februari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimepokea mkebe, mahamri yalikuwa bado na uvuguvugu, au ni mimi niliyetaka yawe hivyo. Nakurudishia ukiwa na majani ya chai ya Kericho, soksi za Ken, na dawa ya kuchua goti. Si mtupu.

Kazi bado ngumu. Ngoja nikueleze upya, maana Krismasi nilieleza haraka na Samuel akinikatiza. Zamani za masultani, katika kisiwa kimoja cha kaskazini, alikuwako Mwana Esha, dadake Sultani. Ng'ambo ya kichochoro ilikuwa nyumba ya balozi wa Kizungu, na mke wa balozi aliitwa Amelia. Wale wawili wakawa marafiki. Hawakuruhusiwa kutembeleana bila walinzi, basi wakawa wanapelekeana sahani ya chakula, na ndani ya kitambaa cha kufunikia, kijibarua. Wakuu wa jumba la Sultani hawakuipenda sahani ile. Mawaziri walidhani ni ujasusi. Karani wa balozi naye alidhani Bibi Amelia ndiye anayetoa siri. Kila upande ulimweka mtu wa kuhesabu sambusa.

Kisha Sultani akafa. Ndugu zake waligombea kiti, basi mawaziri wakakificha kifo siku tatu: hakuna kilio, ngoma za alasiri zikapigwa kama kawaida, hata chakula chake kikapikwa. Siku ya pili Bibi Amelia akaandika katika daftari lake neno moja tu: "Leo sahani imerudi tupu kutoka kwa Esha." Kesho yake balozi akawaandikia wakubwa zake kwamba Sultani amekufa, na manowari zikaja. Mwana Esha akaitwa jasusi, akahamishwa mpaka akafa ugenini.

Bwana Arnold, mkubwa wangu hapa makumbushoni, asema sahani tupu ilikuwa ishara waliyopatana: ikija tupu, mfalme hayuko. Maonyesho yafunguliwa mwanzoni mwa Machi, na mimi ndiye nitakayeandika maneno ya kubandikwa chini ya picha ya Mwana Esha. Sina raha. Mama, wewe umekaa Kuze miaka thelathini. Sahani yaweza kurudi tupu kwa sababu gani?

Na kwa nini Bi Zein hajambo "nadhani"? Nani alikuuliza habari za Mwana Esha?

Binti yako,
Sidi


Kuze
Jumanne, 18 Februari 2025

Mwanangu Sidi,

Salamu kwanza. Wote hawajambo kama nilivyowataja, na Ken amevaa soksi zote mbili mguu mmoja. Dawa ya goti yanukia karafuu. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikaa na kalamu siku kumi nikiiogopa.

Umeniuliza habari ya sahani, nami nitakujibu kama ninavyojua, si kwa kitabu. Huku kwetu sahani hairudi tupu. Jirani akikuletea kitu, ukimrudishia chombo watia chochote, ndimu mbili, kipande cha sukari guru, hata chumvi kama huna kitu, kwa sababu chombo ni mkono, na mkono huurudishi bila kuushika. Ukimrudishia mtu sahani tupu umemwambia usije tena. Hilo hata mtoto alijua. Pahali pamoja tu ndipo sahani hurudi tupu bila ubaya, napo ni matangani. Wafiwa ukiwapelekea chakula, chombo chako wakurudishia kitupu, tena hata hakioshwi, kwa sababu wakitia kitu watakuwa wamekurudishia msiba nyumbani kwako. Mimi nilipofiwa na babako, Bi Zein mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nilitaka kumtilia mayai akanishika kifundo cha mkono, "Wacha, Mama Sidi. Sasa hivi huna cha kumpa mtu." Basi ndivyo ilivyo. Lakini hayo ni ya kawaida, sidhani yatakusaidia na wafalme wako.

Sasa nikwambie langu, nawe usimwambie Samuel.

Bi Zein amenikata. Ni kosa langu mwenyewe. Mwisho wa Januari tulikuwa tumekaa ngazini tukichambua mchele, akanambia kwa majivuno yake yale, "Bibi yangu wa saba alikuwa mtoto wa Sultani, Mwana Esha, ati hata Wazungu walimjua." Nami mdomo wangu huu, Sidi, nikacheka nikamwambia, "Basi mwanangu asema huyo bibiyo alikuwa jasusi, aliuza siri kwa sahani ya sambusa." Akaupepeta mchele mpaka ukaisha, akapanda juu. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Ijumaa nikampelekea mkate wa sinia kama kila Ijumaa, kwenye ile sahani yangu ya maua ya samawati. Ikashuka tupu. Nikasema labda amesahau. Ijumaa ya pili nikapeleka kaimati, ikashuka tupu. Ijumaa iliyopita nikatia nia, nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula cha kuomba radhi hicho, na sahani ikashuka tupu na ukoko wa nazi bado umeshika kando. Hakuiosha. Miaka thelathini, Sidi, hata siku aliyoniudhi kwa ajili ya kamba ya kuanikia alinirudishia na bizari.

Tena yako mengine. Redio yake haisikiki. Udi wa Alhamisi haushuki tena, ngazi yanuka ngazi. Nikimkuta mlangoni ajifunika uso kama mimi ni mwanamume. Wanja hapaki. Tambuu ameacha, meno yake yameanza kuwa meupe kama ya msichana. Nikamuuliza, "Bi Zein, nimekukosea?" Akanambia, "Hukunikosea, Mama Sidi. Niwache tu." Niwache tu. Maneno hayo huambiwa mtu wa kuuza karanga.

Ndipo nikakata shauri. Siwezi kukaa chini ya miguu ya mtu asiyenitaka. Samuel ana chumba Changamwe, nimemwambia goti halitaki ngazi za kupanda kuanika nguo, amekubali. Mjomba wako Fondo atakuja na mkokoteni Jumamosi hii tarehe ishirini na mbili, saa tatu asubuhi. Nimeanza kufunga vyombo kwenye magazeti. Ile sahani ya samawati sijaifunga, sijui niifunge na nini.

Mchana nikilala naota nyumba hii haina ngazi, nami niko chini naita, na juu hapana mtu.

Huyo Mwana Esha andika upendavyo. Neno limeshatoka.

Mamako,
Loise

Mkebe una kashata. Nilizipika kwa huzuni, zimeshikana.


Nairobi
Alhamisi, 20 Februari 2025, asubuhi

Mama,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara nne, imezimwa. Labda ni heri, maana hili si la spika. Barua hii naipeleka mwenyewe kwenye basi la mchana. Utingo atampa Mjomba Fondo mkononi. Kashata nimezila zote.

Usihame. Kwanza soma maneno yako mwenyewe, nayanakili hapa kama ulivyoandika: "Pahali pamoja tu ndipo sahani hurudi tupu bila ubaya, napo ni matangani. Wafiwa ukiwapelekea chakula, chombo chako wakurudishia kitupu, tena hata hakioshwi."

Mama, sahani yako haikuoshwa. Hapaki wanja. Redio imezimwa, udi hafukizi, tambuu ameacha. Ungeyaona hayo kwa mwanamke mwengine yeyote wa Kuze, wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kuvaa leso na kupanda.

Na juu ya kitanda kuna mja mzito aliyekatazwa kushtuliwa.

Shekue alipiga simu lini mara ya mwisho?

Nimerudi kwenye daftari la karani wa balozi. Siku ileile ya sahani ameandika kwamba Bibi Amelia hakula, alilia mezani mbele ya wageni, na balozi alimuuliza sababu. Ni hayo tu.

Panda juu, Mama. Goti litapona.

Sidi


Kuze
Jumatatu, 24 Februari 2025

Mwanangu Sidi,

Salamu zote, wote hawajambo, nitawataja nikipata nafasi. Naandika upesi na mlango umefungwa.

Barua yako Fondo aliniletea Jumamosi saa tatu akiwa na mkokoteni tayari. Alikuwa ameshapakia kitanda na jiko. Nikaisoma nimesimama kichochoroni. Nikamwambia, "Shusha." Akasema, "Dada, nimetoka Makadara na gari tupu, nimekataa mzigo wa mtu." Nikamwambia shusha. Akashusha akiguna, akanywa chai, akaenda zake akisema wanawake wa Mji wa Kale wahama kwa mdomo.

Nikapanda. Ngazi kumi na nane, nilizihesabu kwa sababu ya goti. Nilichukua ile sahani ya samawati bila kitu ndani yake. Bi Zein alikuwa jikoni amesimama mbele ya sufuria isiyo moto. Nikamnyoshea sahani. Akaitazama, akanitazama. Nikamwambia pole pole, mdomo sikioni, "Ni Shekue?"

Hakulia, Sidi. Alikaa chini sakafuni kama nguo iliyoanguka kwenye kamba.

Ni Shekue. Tangu Jumatano ile, siku moja baada ya mchele wetu. Moyo ulisimama kazini huko Arabuni, wakamzika kabla ya jua kuchwa. Nduguye Bi Zein wa Malindi ndiye aliyepigiwa, akaja akamwambia yeye peke yake, na daktari akasema Batuli akipata habari hii sasa watapotea wawili. Basi Bi Zein amekaa na mwanawe moyoni siku ishirini na nne, hana kilio, hana matanga, na Batuli akiuliza "Shekue mbona hapigi?" yeye amjibu ati mtandao. Wale ni mtu na ndugu yake walionyonya ziwa moja, Batuli hulala na simu kifuani akingoja.

Nikamwambia, "Na mimi uliniwacha nikidhani umenikasirikia." Akasema, "Nikwambieje, Mama Sidi? Ningekwambia mchana, alasiri Makadara washaniletea jamvi la matanga." Ni kweli. Kisha akasema, nami nataka uyaandike haya vizuri: "Sikutaka kukwambia. Nilikusudia kutia kitu sahanini kama siku zote, wallahi. Nilishika ndimu mkononi. Mkono ukakataa. Ijumaa zote tatu, mkono wakataa. Siku ile uliponambia habari ya bibi yangu niliona haya, nikasema kumbe sisi ni watoto wa jasusi. Sasa namjua. Yule hakusema neno. Mkono wake ulikataa."

Basi mwambie Bwana Arnold. Hapakuwa na mapatano. Mwana Esha alikuwa amefiwa na nduguye na amekatazwa kulia, na rafikiye akafahamu, akalia kwa niaba yake mezani kwa mumewe. Machozi ya Bi Amelia ndiyo yaliyotoa siri, naye maskini hakusema neno pia. Sijui wafalme, lakini haya nayajua. Kama hataki kuyabandika, basi abandike daftari peke yake, wanawake wakipita watasoma.

Nami sasa ndimi Bi Amelia, ndilo linaloniogopesha. Uso wangu haujui kuficha. Nikienda Makadara waniuliza, "Mama Sidi, mato yamekuwaje mekundu hivyo?" Nasema vitunguu. Tangu Jumamosi nimekata vitunguu vya kutosha harusi mbili. Wanza ameniuliza mbona sikuhama, nimemwambia goti limepona kwa ile dawa yako, basi ameagiza na yeye.

Kila siku napeleka sahani juu. Jana Batuli aliniita kitandani, tumbo kama mlima, akanambia kwa sauti ya kuteta, "Mama Sidi, mamangu amekuwa bahili siku hizi? Naona sahani yako yashuka tupu kama ya mtu asiye na jirani." Bi Zein alikuwa mlangoni. Nikamwambia Batuli, "Mimi ndiye nimemkataza, mwanangu, nanenepa mno, nguo zanikataa." Akacheka mpaka akashika tumbo, na Bi Zein akacheka, ndiyo mara ya kwanza, huku amejifunika uso na leso. Batuli alidhani ni kicheko kitupu. Mimi nilikuwa upande wa kuyaona mabega.

Basi tunangoja mtoto. Alasiri, jua likiingia kwa dirisha la ngazi, sahani yashuka mikononi mwa Bi Zein nami naipokea chini kwa mikono miwili. Haina kitu na haikuoshwa, nami naiona nzito. Siku hizi siiti tena ndotoni, nakaa tu chini ya ngazi na juu nasikia mtu akitembea.

Ndani ya mkebe nimetia mkate wa sinia, umepikwa juu, jikoni kwake, tuliupika pamoja. Ule. Na safari hii, mwanangu, mkebe nirudishie mtupu. Usitie chai wala soksi wala kitu chochote, wala usiuoshe. Nitauweka ngazini, atauona akishuka, atajua nawe umefiwa pamoja naye.

Nijibu upesi, basi la kwanza kabisa. Wala usipige simu.

Mamako,
Loise